Betrave Haipandi Machoni

Kabla sijaugua, betrave kwangu ilikuwa kitu cha kuuza, si cha kula. Nimekaa sokoni Butembo miaka tisa na mboga za kutoka Lubero: kabeji, karoti, poro, vitunguu, na kwenye kona ya meza lile rundo la betrave, ambazo watu wa Kenya, nasikia, huziita bitiruti. Wanunuzi wake walikuwa walimu waliotumwa kwetu kutoka mikoa ya mbali na wake wa maofisa wenye friji. Nilikuwa nikiwasifia utamu wake bila kuwahi kuutia mdomoni. Muuzaji halazimiki kuonja, analazimika kuhesabu. Na mimi huhesabu kila kitu mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa ajili yangu.

Naandika haya kwa sababu nimemaliza vidonge, na najua kuna mwanamke fulani leo asubuhi amekaa kwenye benchi la mbao, ameficha kikopo cha makohozi ndani ya kikwembe, kitenge chake, anatafuta uongo wa kurudi nao nyumbani. Dada yangu, mimi niliupata uongo mzuri sana. Nitakuambia ulikuwa mzuri kiasi gani, na ulikula nini.

Kikohozi kilianza wakati wa kuvuna maharagwe. Nilisingizia vumbi, kisha baridi, kisha moshi. Mvua iliporudi kilikuwa bado kipo, na mimi nilikuwa nimepungua hadi kikwembe kikawa kinanizunguka mara mbili. Nikaenda kupima. Sikwenda kwenye kituo cha afya kilicho chini ya nyumba yetu. Nilikipita huku nimegeuza uso upande wa pili, nikapanda pikipiki hadi kituo kingine, upande wa juu wa mji, ambako hakuna anayenunua mboga kwangu.

Kwenye benchi tulikuwa watu kumi na mmoja. Nikahesabu tena, kumi na mmoja. Hakuna aliyezungumza. Kila mmoja alikuwa anaangalia viatu vyake kana kwamba ameviazima. Tangu kile kipindi cha Ebola, watu wa kwetu wana namna yao ya kukaa kwenye benchi la kituo cha afya: kila mtu anaacha nafasi ya mtu mmoja asiyeonekana kati yake na jirani. Ukituangalia kwa haraka ungesema nusu ya wagonjwa ni hewa.

Muuguzi alikuwa mwanaume mnene, mtu wa Kisangani aliyeletwa huku kikazi. Wote walimwita Papa Muganga.

"Ni tebe, mama," akasema. "Kifua kikuu. Utakunywa dawa miezi sita."

"Sita ni mingi, Papa Muganga. Fanya mine."

"Hapa hatuuzishe nyanya."

"Tano basi, tumalize."

Aliniangalia juu ya miwani. "Sita. Kila siku vidonge tatu, asubuhi, tumbo tupu, mbele ya kula. Mukojo itakuwa rouge, nyekundu. Jasho pia, machozi pia. Hapana ogopa, ni rangi ya dawa. Uko na mutoto?"

"Niko na moja. Neema. Iko na miaka ine."

"Umulete tumupime. Batoto badogo hii ugonjwa inabapenda. Wiki hii."

"Nitamuleta," nikasema. Nilisema vile ninavyomwambia mteja kwamba kesho nitakuwa na kabeji kubwa zaidi.

Sikumpeleka. Ili unielewe, inabidi ujue nilikuwa naishi wapi. Lupango lile, yaani nyumba, ua na choo chake, ni la mama mkwe wangu. Mume wangu anafundisha Lubero, anarudi mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote tulikuwa watatu: mimi, Neema, na huyo bibi yake ambaye sisi sote tunamwita Koko. Mwaka mmoja kabla ya hapo jirani yetu alipata kikohozi hichohicho. Koko alikuwa akimpelekea fufu, ugali wa muhogo, kwenye sahani ya plastiki, anaiweka juu ya ukuta, halafu anarudi nyuma hatua nne. Nilizihesabu. "Mutu wa kifua ile," aliniambia, "sahani yake ibakie yake." Hakuwa na ubaya. Lakini niliiona ile sahani imebaki ukutani siku nyingi hadi mvua ikaijaza. Nikajua kwamba nikisema ukweli, mume wangu ataitwa, mtoto atapelekwa kwa shangazi zake, na sokoni hakuna atakayegusa kabeji niliyoigusa mimi.

Tatizo lilikuwa choo. Sakafu yake ni ya saruji nyeupe, ameitengeneza Koko mwenyewe na anajivunia. Asubuhi ya kwanza baada ya vidonge niliimwagia maji mara tatu, ingawa nilikuwa nimeonywa. Katika mji wetu, tangu Ebola, nyekundu kwenye sakafu ya choo haiulizwi maswali. Watu hukimbia kwanza.

Ndipo nikalikumbuka lile rundo la kwenye kona ya meza. Wateja wangu walishaniambia, kwa aibu kidogo, kwamba ukila betrave usishtuke asubuhi. Jioni ile nilirudi nyumbani na betrave sita.

Koko alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe. "Leo umekosa wanunuzi?"

"Hapana, Mama. Leo nataka tukule vitu ya matajiri. Inaongezaka damu. Lakini mukiona choo inakuwa rouge, musiogope, ni yenyewe."

Koko aliacha kuchambua. Aliniangalia muda mrefu kuliko jambo lile lilivyostahili. Kisha akasema, "Pika."

Nimepika betrave nyingi tangu siku ile, nikuambie nilichojifunza. Usiimenye ikiwa mbichi. Iachie mkia wake, iachie na kipande cha shina cha urefu wa kidole, osha udongo polepole usije ukaichubua. Ukiichubua, damu yote itaishia majini na utabaki na kitu kilichopauka, kisicho na habari. Iweke kwenye sufuria, maji yaifunike, mbabula, yaani jiko, iwe na makaa ya kutosha, halafu isahau. Saa nzima. Zile kubwa za Lubero, saa moja na nusu. Kijiti kikipita bila kubishana, imeiva. Ngozi unaivua kwa vidole ikiwa bado moto, kama soksi ya mtoto aliyesinzia. Kata vipande vyembamba, tia chumvi, ndimu, vitunguu na mafuta kidogo. Majani usitupe. Yapike kama lengalenga, ule mchicha wetu, na karanga zilizosagwa.

Nilikusudia tuivumilie kama dawa. Ikawa tamu. Ina utamu wa udongo baada ya mvua, sijui niseme vipi vingine. Neema alikula hadi kidevu kikawa chekundu, akazunguka ua mzima akionyesha kuku ulimi wake. Siku ya pili niliikaanga na viazi. Siku ya tatu ni Koko aliyeuliza, "Betrave iko?" Na tangu hapo aliuliza kila siku. Nikajipongeza. Nilidhani nimemuuzia mtu mgumu kuliko wote bidhaa ambayo hakuitaka.

Jambo moja tu lilinisumbua. Mtu mwenye jicho la soko anajua rangi. Betrave inatoa rangi ya waridi, kama kitambaa chekundu kilichofuliwa na vyeupe. Vidonge vinatoa rangi ya machungwa iliyokolea, karibu na kutu. Nilisema moyoni kwamba Koko ni mzee, macho yake yamechoka, hawezi kutofautisha. Nikawa naosha sakafu mapema, na mara nyingi nilikuta Koko amenitangulia, ameshaiosha. "Nakusaidia," alisema.

Kisha nikafanya biashara mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya.

Neema alikuwa analala na mimi. Papa Muganga alikuwa amesema ugonjwa huu unapita hewani, kwenye vyumba vilivyofungwa. Donc, yaani basi, nikaamua mtoto ahamie chumba cha Koko, awe mbali nami. Niliona nimepata njia ya kumlinda bila kumpeleka popote.

Koko alikataa. "Anapigaka teke."

"Atapunguza."

"Kitanda yangu ni kidogo."

"Naye ni mudogo."

"Mama Neema, mutoto alalake na mama yake."

Koko anampenda mjukuu wake kuliko macho yake, na sijawahi kumuona akimsukuma. Ningepaswa kujiuliza. Lakini mimi nikisikia mtu anakataa, nasikia bei ya kuanzia. Nikamwambia nafanya mahesabu ya mboga asubuhi na mapema, mtoto anakosa usingizi. Nikamwahidi majani ya betrave kwa karanga, namna anavyopenda yeye, kila Jumapili. Siku ya tatu alikubali. Alikubali kama mtu anayeweka chini mzigo, si kama aliyeshinda. Neema akahama na kimto chake.

Tangu siku ile Koko alianza kulala dirisha wazi. Butembo, kwenye mvua, na ukungu unaoingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Nikasema mtoto atapata baridi. Akajibu, "Hewa ni nzuri." Na alimlaza Neema upande wa miguu, kichwa kwenye dirisha. Niliyaona haya yote. Niliyahesabu hata. Ila sikuyajumlisha.

Mwezi wa kwanza wa vidonge ulipita hivyo. Nilianza kuona vitu. Shuka yangu nyeupe nilipoianika ilikuwa na umbo langu, bega, mgongo na mkono, kwa rangi hafifu ya machungwa, kana kwamba mtu mwembamba kuliko mimi alikuwa amelala chini yangu. Nikiamka alfajiri na kukohoa mara mbili, ukuta ulijibu mara mbili. Nikikohoa mara moja, mara moja. Nilidhani ni mwangwi. Nikajaribu kuunyamazia. Siku moja nilijizuia kukohoa kabisa, nimebana mto mdomoni, na ukuta ukakohoa peke yake.

Nilijiambia ni Koko na moshi wa miaka yake yote jikoni. Jibu lile lilikuwa kweli nusu, na nusu hiyo ilinitosha.

Nilipokata vitunguu kwa ajili ya betrave, machozi yalianguka kwenye mkono wa blauzi yangu nyeupe na kuacha matone ya rangi ya machungwa. Nikaanza kukatia vitunguu nje, nyuma ya nyumba. Kuhusu Koko, alikuwa ameacha kuvikata kabisa siku nyingi. "Macho yangu imezeeka," alisema.

Kila asubuhi nilikwenda kituoni kumeza vidonge mbele ya Papa Muganga. Siku moja aliuliza, "Na mutoto?"

"Wiki inayokuja."

"Umulete," akarudia, mara ya pili tangu anipime. "Mama, tebe haikubalishane bei." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mwezi wa pili nilipata nguvu kidogo, nikachukua mzigo wa Beni, siku mbili, kwa dada mmoja anayeuza kule, mtaa wa Mulekera. Papa Muganga alinihesabia vidonge sita nikavifunga kwenye pembe ya kitambaa. Nilibeba karoti, poro, na betrave zote. Narudia, zote. Nilizihesabu nyumbani na nikazihesabu tena juu ya gari. Hata moja haikubaki jikoni. Tulipopita Kalunguta askari wa kizuizi cha barabarani alisimamisha gari na kuelekeza kidole kwenye gunia langu. Mvua ilikuwa imelilowesha, na tone moja jekundu lilikuwa linashuka ubavuni mwa gari.

"Mama, mufuko inatoka damu."

"Ni betrave, chef."

"Fungula."

Nikafungua. Akatazama ndani kwa muda, akachukua mbili. Yaani alisema mbili. Zilikuwa tatu. Abiria walicheka hofu ilipowashuka, lakini yule mama aliyekuwa karibu nami alisogea mbali, na hadi Beni hakurudi.

Nilirejea Butembo siku ya tatu asubuhi, kwa gari la kwanza. Koko na Neema walikuwa wamekwenda mtoni kufua. Nyumba tupu, mlango wa jikoni umefungwa kwa kamba. Nikaingia chooni.

Sakafu ilikuwa imepakwa rangi. Si ya waridi. Ya machungwa, rangi ya kutu, bado mbichi. Rangi yangu.

Nilisimama pale nimeshika ukuta. Siku mbili sikuwepo, na hapakuwa na betrave nyumbani. Ni nani basi aliyekuwa anakojoa ugonjwa wangu? Nitakuambia ukweli hata kama utanicheka: kwa dakika kadhaa sikuwa na hakika kwamba nilikwenda Beni. Nilifikiri yule mwembamba wa kwenye shuka amebaki nyumbani, anaendelea na shughuli zangu. Nikaangalia mguu wangu, una matope ya Mulekera. Nikafungua kitambaa, vidonge vimekwisha. Nikahesabu vidole vyangu, kumi. Nikahesabu tena.

Waliporudi nilimkalisha Neema pembeni. "Mulikula nini jana?"

"Fufu na maharagwe."

"Hakuna betrave?"

"Ulibeba yote."

"Choo ilikuwa rangi gani?"

Neema alitazama upande wa Koko anayeanika nguo. "Koko alisema mambo ya choo haina masimulizi."

Nilipombeba nilihisi wepesi. Na chini ya taya, upande wa kushoto, kidole changu kilipita juu ya kitu kidogo cha mviringo kama punje ya njegere. Ngozi pale ilikuwa inang'aa mafuta. Mtu alikuwa anapasugua.

Jumamosi yake tulikuwa na kilio kanisani, mama mmoja wa kwaya aliyeimba na Koko tangu ujana. Akina mama wa kwaya walivaa nyeupe, na kila mmoja alikuwa na kitambaa cheupe mkononi. Nilikaa mstari wa nyuma yao, kidogo pembeni. Nilikuwa nimejiapiza nisilie. Mtu wa vidonge hana ruhusa ya kulia mbele za watu.

Koko alilia. Alilia bila sauti, mgongo wima, kama wanavyolia wanawake wa umri wake. Akapangusa jicho la kulia, akapangusa la kushoto, akakunja kitambaa haraka. Haikuwa haraka ya kutosha.

Kulikuwa na doa la machungwa.

Betrave inaweza kupaka ulimi, vidole, choo. Haipandi machoni. Nilibaki namtazama hadi akahisi, akageuka. Macho yake yalishuka kwenye mkono wangu. Bila kujua nilikuwa nimeshapangusa uso, na kitambaa changu kilikuwa na madoa mawili. Kwaya ikaanza kuimba. Hakuna aliyetuona. Tulikuwa wanawake wawili waliolia, kanisa zima lilikuwa limejaa hao.

Nyumbani Koko alimtuma Neema acheze uani, akawasha mbabula, akaweka sufuria, akaingiza betrave saba nilizoleta asubuhi. Tulikaa pande mbili za moto hadi zilipoiva, na saa ile nzima nilisikia maji tu. Akazimimina kwenye beseni. Tukaanza kuzivua ngozi, yeye upande wake, mimi upande wangu. Mikono yetu minne ikawa rangi moja.

"Uko kwa mwezi wa ngapi?" akauliza.

"Naingia wa tatu."

"Nilikutangulia wiki moja."

"Unakunywaka wapi dawa?"

"Kule chini kabisa, karibu na njia ya Beni. Napitaka mbele ya kituo ya hapa kwetu kama musafiri."

"Mimi kule juu."

"Donc tulipishana." Akavua ngozi nyingine. "Ulipoleta betrave siku ya kwanza, nilisema Mungu ameniona. Sasa siku ya ine nikaenda kuosha choo, nikaona rangi ya mukojo yangu, na mimi nilikuwa sijaenda bado."

"Ulijua tangu siku ya ine, Mama?"

"Nilijua."

"Juu ya nini hukusema?"

"Na wewe juu ya nini hukusema? Sahani ile ya jirani." Alisema hivyo kabla yangu. "Nilijua unaikumbuka. Mimi pia naikumbuka. Nilifikiri ni mimi nilikupa ugonjwa, juu kikohozi yangu ilianza kwanza, yako nyuma. Nikasema akijua, atachukua mutoto, ataenda. Nitabakia peke yangu na dirisha."

"Nilikuletea Neema mu kitanda."

"Ulinishinda bei," akasema Koko. "Nilikataa mara tatu. Nikakosa kitu ya kusema yenye haikuwa ukweli."

Nikauliza nilichokuwa nakiogopa. "Bale baganga, balikuambia umulete?"

Alichukua betrave ya mwisho, ikamteleza, ikarudi kwenye beseni. "Mara tatu. Na wewe?"

"Mara mbili."

Mara tatu na mara mbili ni mara tano. Nikahesabu tena, kwa sababu ndivyo nilivyo, na bado ilikuwa tano. Watu wawili wanaompenda mtoto mmoja waliambiwa mara tano wamlete, na mtoto alikuwa ameenda mara sifuri. Pale uani alikuwa anamwonyesha kuku kitu, na tuliposikia anakohoa, kikohozi kidogo tu, kikavu, tuliacha kazi sote wawili kwa pamoja.

"Ile kivimbe ya shingo," nikasema.

"Naisuguaka na mafuta. Inakataa kuisha."

Tulikula betrave zile. Unaweza kushangaa, ila tulikula, na zilikuwa nzuri, na Neema aliongezewa mara mbili. Koko alikata vitunguu mbele yangu, na mimi mbele yake, na machozi ya rangi yakaanguka kwenye ubao na hakuna aliyegeuka.

Jumatatu asubuhi tulikwenda wote watatu kwenye kituo cha juu. Benchi lilikuwa na watu wanane na zile nafasi zao za hewa. Koko alikaa katikati ya nafasi moja, akanivuta niketi nimguse, akampakata Neema. Papa Muganga alipofungua mlango alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akamtazama Koko na kitambaa chake cheupe chenye doa la machungwa.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama mukwe wangu. Yeye pia iko na tebe. Anakunywaka dawa kule chini."

Aliketi. Nilitegemea atafoka. Akasema tu, "Muingie."

Mzani ulisema kilo kumi na mbili. Kwenye kadi yake ya zamani, kabla ya mavuno ya maharagwe, ilikuwa kumi na mbili vilevile. Mtoto wa miaka minne alikuwa amekula mavuno mazima na hayakuonekana popote. Wakagusa shingo, wakapiga picha ya kifua, wakatuambia tusubiri siku tatu. Siku hizo tatu sina cha kukusimulia juu yazo. Mvua ilinyesha. Nilikaa sokoni nikatoa chenji isiyo sahihi, mimi.

Siku ya nne Papa Muganga alisema, "Anayo. Bado ni kidogo. Mungemuleta miezi mbili yenye ilipita, pengine tungemupa tu dawa ya kumukinga. Sasa ni dawa kamili."

Koko aliuliza, "Ni mimi nilimupa, ao ni huyu?"

"Hakuna kipimo ya kujua ile, Koko. Tena pengine aliipata mbele hata hamujaanza dawa."

Nimeugeuza mzigo wa swali hilo mara nyingi tangu siku hiyo. Kuna siku ninauona ni wangu, kuna siku Koko anauchukua. Mume wangu alipokuja tulimwambia sote wawili, tumekaa upande mmoja wa meza. Aliacha chai ikapoa, akaomba aende kupimwa naye. Alikuwa mzima. Sokoni nilipoteza wateja, wengine wakarudi, wengine bado wanaipita meza yangu wameangalia mbele. Sijafa kwa hilo.

Basi wewe uliyekaa kwenye benchi. Sina elimu ya kukufundisha. Nina swali moja tu: je, wameshakuambia umlete mtoto? Kama wameshasema, acha kusoma hapa. Mlete, halafu urudi.

Vidonge vya Neema vinayeyuka majini na vina ladha ya tunda. Alivipenda kupita kiasi, ilibidi tuvifiche juu ya kabati. Kituo kilitupa kadi yenye vyumba vidogo, kimoja kwa kila siku, mtu anayempa dawa aweke alama. Miezi sita. Mimi nilimaliza, Koko alikuwa ameshamaliza, Neema akaendelea peke yake, na mvua ikaisha na maharagwe yakavunwa tena, na safari hii mavuno yalionekana mashavuni.

Wiki iliyopita tulirudisha kadi. Papa Muganga aliifungua mezani, akavaa miwani, akaanza kufuata vyumba kwa kidole. Kidole kikasimama. Kikarudi mwanzo.

"Mama Neema," alisema polepole. "Huku ndani kila siku iko na alama mbili."

"Ndiyo."

"Kila siku. Miezi sita." Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mulikuwa munamupa dawa mara mbili?"

"Hapana, Papa Muganga," akasema Koko. "Alama moja ni ya mwenye kupa. Ya pili ni ya mwenye kusema."

"Kusema nini?"

"Kusema kwamba ameona. Huyu akimupa, mimi nasema. Mimi nikimupa, huyu anasema. Kwa sauti, asubuhi, mbele ya mutoto."

Alituangalia. Halafu akainama, akazihesabu zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na mimi nikazihesabu pamoja naye, kadi ikinielekea kichwa chini, tukafika mwisho kwa wakati mmoja. Akavuta muhuri, akaupulizia pumzi, akaupiga juu ya jina la mtoto.